52 kutoa 27: kisa cha stajieri mmoja wa Kadutu na jibu lenye halikuwa kwenye fishi

Nataka kueleza kisa kimoja tu, polepole, kwa sababu nikiangalia vile tunatayarisha walimu wa kesho hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, naona karibu kila kitu kiko ndani ya hiki kisa. Mi ni ankadreri wa staji, yaani nawafuata wanafunzi wa mwaka wa nne wa pedagojia wakienda kufundisha primeri, nakaa nyuma kwenye benchi na kaye (daftari) yangu, naandika, halafu lesoni ikiisha tunafanya kritiki, kikao cha kusema mazuri na mabaya ya lesoni. Jina la shule sitalitaja wala la mtu yeyote.

Stajieri mwenyewe alikuwa binti wa miaka 19, mzaliwa wa Walungu, alikuja mjini kukaa kwa shangazi yake kule Cimpunda, ndani ya Kadutu, juu ya masomo. Mpole, kaye zake safi, interogasyo za saikolojia anapata vizuri, ukimuuliza Piaget anakupa zile hatua nne za kukua kwa akili ya mtoto, zote bila kuruka hata moja. Tukampa mwaka wa pili wa primeri, watoto 58 ndani ya chumba chenye benchi ya mwisho inagusa ukuta, lesoni ya hesabu, kutoa kwa kukopa. Mfano wa kwanza wa kuandika kwenye tablo ulikuwa 52 − 27.

Kwa wasiojua fishi zetu za lesoni, yaani mpango wa somo ulioandikwa, zinafanana namna gani: karatasi ina safu mbili kubwa, upande huu unaandika kile mwalimu atasema na atauliza, upande wa pili unaandika jibu la mwanafunzi. Unaanza na rapeli (kukumbusha ya nyuma), unafuata na motivasyo (kuamsha hamu), unatangaza somo, analizi (kuchambua mfano), sentezi (kufupisha), aplikasyo (mazoezi). Kila swali lina jibu lake linalongojewa. Na haya majibu stajieri anayaandika usiku, nyumbani, mara nyingi kwa taa ya simu maana umeme hakuna, na bado hajaongea na mtoto hata mmoja wa ile darasa. Halafu anayashika kwa kichwa, maswali yake na majibu ya watoto, yote kwa Kifaransa.

Lesoni ilianza vizuri. Rapeli ikapita, watoto wakajibu kwa sauti moja, motivasyo ya mama mwenye kuuza nyanya sokoni ikapita. Akafika kwenye analizi, akaandika 52 juu, 27 chini, akavuta mstari kwa rula, akauliza kwa Kifaransa kama 2 kutoa 7 inawezekana. Jibu la fishi: hapana madamu, haiwezekani, tunakopa. Sasa mtoto mmoja wa benchi ya mwisho, karibu yangu kabisa, akanyoosha kidole. Familia ya huyu mtoto ilikimbia kutoka Kalehe juu ya vita, alikuwa hata miezi mitatu hajamaliza mjini, Kifaransa hana, Kiswahili anatafuta tafuta, lugha yake ni Kihavu. Akasema kitu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihavu, mi nilishika nusu tu, lakini ilieleweka anasema inawezekana, unageuza, saba ndiyo inatoa mbili, inabaki tano.

Watoto wakacheka. Stajieri akamwangalia yule mtoto, akaangalia fishi, halafu akaniangalia mimi kule nyuma. Najua ile macho. Akarudia swali lile lile, kwa Kifaransa kile kile, sauti ikiwa juu zaidi, akaonyesha mtoto wa benchi ya kwanza, yule akatoa jibu la fishi neno kwa neno na lesoni ikaendelea mbele. Kwenye aplikasyo nikapita katikati ya benchi kuangalia kaye: kule nyuma, zaidi ya nusu waliandika 35. Jibu ni 25. Nikaandika kwenye kaye yangu "kosa moja, benchi za nyuma, hawafuati". Hii sentensi muikumbuke, nitairudia.

Saa sita tukafanya kritiki. Stajieri tisa, mwalimu tituleri, yule wa kila siku wa ile darasa, na mimi. Kritiki yetu ina desturi yake, kwanza mazuri, halafu mabaya. Mazuri yalimalizika upesi: alivaa vizuri, alisalimia darasa, tarehe aliandika. Mabaya ndiyo yalichukua muda, kila mwenzake alitafuta la kwake maana nao wanajua naandika nani amechangia. Alipa darasa mgongo. Aliacha watoto wacheke. Alibabaika. Na mimi nikafunga kwa maneno yenye nayakumbuka vizuri, nilisema "Mwalimu hababaiki mbele ya mtoto. Fishi ilikuwa mkononi mwako, jibu liko mule." Nikampa 11 juu ya 20, hapo hapo, wenzake wanasikia. Yeye alikuwa anaandika kila kitu kwenye kaye bila kuinua kichwa, tone likaanguka juu ya maandishi, akalifuta upesi kwa kidole na wino wa biki ukavutika ukaacha alama ya buluu mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Tukapita kwa stajieri mwingine.

Siku tatu baadaye akarudi darasa lile lile. Mtoto wa Kalehe akanyoosha kidole tena, akaanza kuongea, na kabla hajafika katikati stajieri akamwambia kwa Kiswahili, "Piga magoti, pale kwa mlango." Darasa likanyamaza kabisa. Lesoni ikaisha kwa wakati, fishi ilifuatwa mpaka mstari wa mwisho, na kwenye kritiki wenzake wote wakasema amejirekebisha, disiplini nzuri, anashika darasa. Nilikuwa nimekwisha kuandika 1 na naenda kuandika 5 pembeni yake.

Wakati wa rekreasyo nikapita kwenye ule mlango. Mtoto bado yuko magotini, watu wote wametoka, hakuna mtu aliyekumbuka kumwinua. Nikamwambia simama. Hakusimama. Akaniuliza kwanza, "Madamu amekubali?"

Ile 15 sikuimaliza. Nikamwita binti pembeni, tukakaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu staji ianze nikamuuliza swali lenye sikuwa na jibu lake. Nikasema, ile siku ya kwanza, yule mtoto alikuwa anasema nini hasa?

"Mwalimu, mi nilisikia yote yenye alisema," akajibu. "Kihavu na Mashi, lugha ya kwetu Walungu, zinakaribiana. Alikuwa anasema kama tunaweza kugeuza kwenye kujumlisha, kwa nini hatuwezi kugeuza kwenye kutoa."

"Sasa kama ulisikia, mbona hukumjibu?"

Akakaa kimya kidogo. "Kwenye fishi haikuwemo. Na munikatalie kama nasema uongo, njo mulituambia, Kifaransa tu. Na nyinyi njo muliniambia mwalimu hababaike."

Hapo ndipo kisa kinaanzia, mengine yote ya juu ni maelezo tu.

Fikiria kwanza kile mtoto alichouliza. 3 jumlisha 5 na 5 jumlisha 3 ni sawa, hii aliifundishwa mwenyewe mwaka wa kwanza, sasa anaipeleka mahali pengine na anataka kujua kama inafanya kazi. Huyu mtoto yuko anafikiri kuliko wote waliosema "tunakopa", maana wale wa mbele walirudisha neno walilopewa. Piaget tunayemfundisha kila mwaka, yule Mswisi, alianzia pale pale: akiwa kijana kule Paris karibu mwaka 1920 alipewa kazi ya kupitisha mitihani ya akili kwa watoto, kazi ilikuwa kuhesabu majibu sahihi, yeye akavutiwa na majibu ya makosa, akaona makosa ya watoto wa umri mmoja yanafanana, yana njia yake, mtoto hakosi ovyo. Kazi yake yote ya maisha ilitoka mule. Sisi tumechukua zile hatua nne, tumeziweka kwenye kaye, na ile tabia yenyewe ya kumuuliza mtoto amefikaje pale tumeiacha Paris.

Halafu magoti. Watu wanapenda kusema adhabu ni nadharia ya Skinner, mwanasaikolojia wa Amerika aliyechunguza tabia, kwamba yeye ndiye baba wa fimbo, na hii si kweli, Skinner hakuwa mtu wa adhabu, aliandika wazi kwamba adhabu inazima tabia kwa muda na inaacha woga nyuma, na kwamba kinachojenga ni kuimarisha kile mtoto anafanya vizuri. Lakini tukitumia darubini yake kusoma ile siku inaonekana vizuri sana: mtoto anafanya tendo moja, kunyoosha kidole. Mara ya kwanza tendo linaleta kicheko. Mara ya pili linaleta magoti. Baada ya hapo kile kidole hakitapanda tena, na sisi kwenye kritiki tutaandika "darasa tulivu". Na stajieri naye hivyo hivyo! Mara ya kwanza kuacha mtoto aongee kulimletea 11 na machozi, mara ya pili kunyamazisha mtoto kulimletea sifa na karibu 15. Nani alimfundisha kupigisha magoti? Kwenye kozi zetu hakuna ukurasa wenye unasema hivyo. Tulimfundisha kwa pointi.

Na tulimfundisha kwa mfano. Mwanasaikolojia Bandura na wenzake mwaka 1961 kule Stanford waliweka watoto wadogo waangalie mtu mzima anapiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa, halafu wakawaacha watoto peke yao nao, na wale walioona kupiga walipiga, hata maneno ya yule mtu mzima waliyarudia. Hii nilikuwa naifundisha kama jambo la watoto. Sikuwahi kufikiri kama binti wa miaka 19 akikaa kwenye kritiki anaangalia mtu mzima mwenye mamlaka anamfanya nini mtu mwenye kukosea mbele ya watu, na kesho yake yeye ndiye mwenye mamlaka mbele ya watu 58, atarudia. Kuna utofauti gani kati ya kritiki yangu na magoti yake? Mimi sikusema piga magoti, basi, hiyo tu.

Jambo lenye linaniuma zaidi ni Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi. Eneo lile la katikati, kati ya kile mtoto anaweza peke yake na kile anaweza akisaidiwa na mtu anayejua zaidi, hili tunalifundisha kwa ukurasa mmoja na nusu. Na namna tunalifundisha ni hii: nadikte, wanaandika, kimya, mwenye kuongea anatoka. Nimedikte maneno "mtoto anajifunza kwa kuzungumza na wengine" kwa watu 40 niliowakataza kuzungumza. Wao wameyashika, wameyarudisha kwenye mtihani, nimewapa 16, 17. Wood, Bruner na Ross ndio walioandika mwaka 1976 kuhusu jukwaa, kama lile la mafundi wakijenga ghorofa, msaada wenye unawekwa wakati kazi ni nzito na unaondolewa kidogo kidogo mtu akianza kuweza, na waliona hili kwa kukaa na watoto wadogo mmoja mmoja wakijenga piramidi ya mbao. Stajieri wetu tulimpa jukwaa gani? Siku ya kwanza kabisa ya maisha yake mbele ya tablo tulimtupa kwenye watoto 58 na watu kumi wa kumhukumu. Tangu primeri za serikali zifanywe za bure Septemba 2019 madarasa yamejaa, hiyo ni furaha kwa watoto waliokuwa wanabaki nyumbani, lakini fishi yetu bado ni ile ya darasa lenye watoto wote wanajibu kitu kimoja.

Nikaenda kuongea na direkteri wa primeri na yule mwalimu tituleri, tukakubaliana kujaribu mambo machache kwa wiki sita zilizobaki.

Kritiki kwanza. Pointi hazisemwi tena mbele ya watu, na mwenye kufundisha ndiye anaongea wa kwanza. Swali la kufungua ni moja: kuna mtoto alisema ao aliandika kitu hukukingojea? Alikuwa anawaza nini? Wenzake wanasaidia kutafuta. Tarehe kwenye tablo na mgongo na sauti, hayo namwambia peke yake pembeni, dakika mbili, yanatosha.

Fishi nayo tukaichorea safu ya tatu, kwa rula, pembeni ya zile mbili, tukaipa kichwa "jibu lenye sikungojea". Inabaki tupu mpaka lesoni iishe. Direkteri alikuwa na wasiwasi juu ya inspekta, fishi ina muundo wake, tukasema tutaichora kwa kalamu ya risasi.

Halafu kabla ya kuingia darasa zima, stajieri anafundisha watoto kumi kwa dakika 15, kipande kimoja tu cha lesoni. Kule Stanford walianza kufundisha walimu kwa vipande vidogo namna hii mwanzo wa miaka ya 1960, hatukugundua kitu. Bandura mwaka 1977 aliandika kwamba mtu kujiamini kuwa anaweza kunatoka hasa kwenye kufaulu mwenyewe kitu cha ukubwa wake, kisha kwenye kuona mwenzake wa hali kama yake anafaulu, kisha maneno ya kutia moyo, na pia namna mwili wenyewe unajisikia, moyo unapiga ao umetulia. Ukimtoa binti kwenye kumi ukampeleka kwenye 58 anaingia akiwa amekwisha kuona kwa macho yake mtoto akielewa kwa sababu yake.

Lugha ndiyo ilileta mabishano ya kweli. Tituleri hakutaka, na hoja yake naiheshimu kwa sababu hakuwa anajitetea, alisema "Papa ankadreri, wazazi wanaleta watoto hapa juu ya Kifaransa, na mtihani wa kumaliza primeri uko kwa Kifaransa, mukiwazoesha Kiswahili na Mashi nani atawasaidia mwaka wa sita?" Nilimjibu kwamba sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inaweka lugha za taifa ao za mahali kwenye miaka ya kwanza ya primeri, akasema sheria anaijua, wazazi wake anawajua zaidi. Tukakwama pale siku mbili. Kilichotusogeza ni kazi ya Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, mwenye alionyesha kwamba mtoto anaweza kuokota lugha ya kuongea na wenzake ndani ya miaka kama miwili lakini lugha ya masomo, ya kueleza sababu na kulinganisha, inamchukua miaka mitano mpaka saba, na kwamba akili iliyojengwa kwa lugha ya kwanza haipotei, inahamia kwenye ya pili. Tituleri akahesabu kwa vidole: mtoto wa miaka saba anayeanza Kifaransa leo, ongeza mitano. Akasema sawa, basi analizi ifanywe kwa lugha yenye watoto wanasikia, sentezi kwa Kifaransa. Yeye ndiye aliyepata hii, si mimi, na naona ni nzuri kuliko ile niliyokuwa nataka.

Mambo ya Salamanca, ule mkutano wa Hispania wa Juni 1994 wenye serikali 92 zilikubaliana kwamba shule ndiyo inapaswa kujipanga kwa ajili ya mtoto, kila mwaka tunayadikte chini ya kichwa "watoto wenye ulemavu" na tunapita. Sasa angalia ile benchi ya mwisho. Hakuna mwenye ulemavu pale, kuna mkimbizi wa Kalehe, kuna wawili waliorudia mwaka, kuna msichana anayekuja saa tatu kwa sababu anachota maji kwanza, na kila mmoja wao yuko nje ya lesoni akiwa ndani ya chumba. Na mbele ya tablo kuna binti wa Walungu mwenye anajua lugha ya yule mtoto na anaificha kama kosa kwa sababu ankadreri yuko nyuma na biki. Wote wawili walikuwa wametengwa na kitu kimoja.

Kitu cha kwanza alichofanya binti sikumwambia. Jumatatu asubuhi aliingia, akamwita yule mtoto mbele, akamwambia mbele ya wote kwa Mashi halafu akarudia kwa Kiswahili kwamba alimwadhibu bure, swali lake lilikuwa zuri na leo watalijibu. Mtoto hakusema kitu, aliangalia chini, akarudi kukaa.

Halafu na wale kumi, dakika 15, chini ya paa la nyuma maana mvua ilikuwa imeanza. Alileta vijiti vya matete, mafungu matano ya kumi kumi yamefungwa kwa kamba ya mgomba, na vijiti viwili pembeni. Hakusema kukopa. Akamwambia mtoto wa Kalehe, nipe vijiti saba. Mtoto akaangalia vile viwili. Akaangalia mafungu. Akavishika vile viwili, akaviweka chini tena. Binti akangoja, na mi nilimwona anahesabu kwa midomo, maana nilikuwa nimewaambia kuhusu Mary Budd Rowe, Mmarekani mwenye alipima madarasa miaka ya 1970 akakuta walimu baada ya swali wanangoja kama sekunde moja tu, na wakingoja tatu ao zaidi majibu yanakuwa marefu na watoto wenye walikuwa kimya wanaanza kuongea. Alingoja zaidi ya tatu. Mtoto akachukua fungu moja, akaanza kulifungua ile kamba kwa meno.

Msichana mmoja wa pembeni akauliza lakini madamu, kama tumekopa kwa makumi, tutarudisha lini? Nilitaka kuinuka kwenye benchi. Miaka yote tunasema kukopa, kukopa, na mtoto wa Kadutu anajua kukopa ni nini, mama yake anakopa unga dukani na mwisho wa wiki analipa, mwenye duka ana kaye. Kwenye 52 − 27 hakuna mtu anayerudisha kitu. Binti akaliandika swali kwenye safu ya tatu, na tangu siku ile darasa lile linasema "kufungua fungu".

Si kila kitu kilienda sawa. Wiki ya pili nikagundua stajieri wawili wanajaza safu ya tatu nyumbani usiku, wanatunga majibu yenye hawakungojea ili yaonekane mazuri, na hii ilinionyesha woga wa pointi umeingia ndani kiasi gani, nikaiondoa ile safu kwenye hesabu ya pointi kabisa. Mmoja alirudia magoti, na watoto 35 wa darasa lake hawakushangaa hata kidogo. Mtoto wa Kalehe hajawa wa kwanza darasani, Kifaransa bado kinamshinda, siku nyingine haji. Ila kidole kinapanda.

Lesoni ya mwisho ya staji, binti alirudia kutoa, darasa zima, 52 − 27 ile ile ya fishi. Watoto wengi wakapata 25, wachache 35. Zamani ningeandika tena "kosa moja". Yeye akainama kwa mtoto wa kwanza mwenye 35, akamuuliza umefanyaje, yule akasema nimegeuza, saba kutoa mbili ni tano, tano kutoa mbili ni tatu. Akaenda kwa wa pili mwenye 35 hiyo hiyo, akamuuliza, yule akasema nimefungua fungu, nikapata kumi na mbili, kutoa saba ni tano, halafu tano kutoa mbili ni tatu. Huyu alisahau kwamba mafungu yamebaki manne.

Kwenye kritiki akaongea wa kwanza kama tulivyokubaliana, amesimama, safu ya tatu imejaa. "Mwalimu, huu mfano ni mubaya. Ule mwenye kugeuza anapata 35, na ule mwenye kusahau fungu anapata 35. Ukiangalia kaye tu, hauwezi kujua. Mmoja hajaelewa kitu, mwingine amebakiza kidogo sana." Akaenda kwenye tablo, akafuta 7, akaandika 8. "Tukiweka 52 kutoa 28, mwenye kugeuza atapata 36, mwenye kusahau fungu atapata 34, mwenye kuelewa 24."

Wenzake wakachukua biki wakahesabu wenyewe. Tituleri naye akahesabu. Mimi nimesahihisha fishi yenye 52 − 27 kwa miaka tisa. Tuliibadilisha siku ile ile kwenye fishi zote tisa, na pembeni ya jibu linalongojewa sasa kuna 36 na 34, kila moja na njia yake.